Bangkok kwa Siku Tatu Mkiwa Ndugu Wawili

Bangkok humwadhibu mtu anayezurura kwa miguu saa saba mchana. Ukiwa peke yako utajikokota hadi penye kivuli na mambo yataishia hapo. Mkiwa wawili, dada na kaka au dada kwa dada, joto lile ndilo linalozua ugomvi: mmoja anataka hekalu moja zaidi, mwenzake ameketi mlangoni mwa duka la 7-Eleven na chupa ya maji baridi shavuni, hataki kusemeshwa. Dawa ni kulifuata jua. Mahekalu asubuhi, mahali penye paa na kiyoyozi mchana, mto na chakula jioni. Mkiishika kanuni hiyo, vivutio vyote vikubwa vinaenea ndani ya siku tatu na bado mtakuwa mnaongea.

Saa zote zilizotajwa humu ni za Kiswahili, kwa majira ya Bangkok, yaliyo mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 4. Mabango na tiketi za kule zitaandika 08:30 pale tunaposema saa 2:30 asubuhi. Msije mkachanganya.

Makaratasi

Kama pasi yenu inahitaji viza, maombi hufanywa mtandaoni kwenye tovuti ya serikali ya Thailand, thaievisa.go.th, na kila mmoja anaomba yake hata mkisafiri pamoja. Tangu tarehe 1 Mei 2025 kuna pia fomu ya kidijitali ya kuingilia nchini, inayoitwa kwa kifupi TDAC, ambayo hujazwa ndani ya siku 3 kabla ya kufika. Ni bure. Zipo tovuti zilizojivika sura ya kiserikali zinazotoza dola kadhaa kwa kazi hiyohiyo. Anwani ya kweli inaishia na immigration.go.th.

Jambo linalowakwamisha Waafrika Mashariki wengi ni homa ya manjano. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote zimo katika orodha ya nchi ambazo abiria wake hudaiwa kadi ya chanjo. Sindano iwe imechomwa siku 10 au zaidi kabla ya safari. Mkishuka Suvarnabhumi, uwanja mkuu wa ndege wa Bangkok, msikimbilie foleni ya Uhamiaji pamoja na umati. Tafuteni kwanza dawati lililoandikwa Health Control, lililo kabla ya Uhamiaji, mjaze karatasi yao, muoneshe kadi, mgongewe muhuri. Ukipanga foleni ya Uhamiaji bila muhuri huo, afisa atakurudisha nyuma, na foleni uliyosimama dakika arobaini inaanza upya. Kila mmoja awe na kadi yake kwenye mkoba wa mkononi. Kadi iliyobaki ndani ya sanduku haina faida hapo, kwa sababu sanduku liko upande wa pili wa afisa.

Pesa, na nani anashika

Shilingi zetu hazina mnunuzi wa maana Bangkok. Bebeni dola, na ziwe noti za 100, mpya, zisizochanika wala kuandikwa kwa kalamu. Maduka ya kubadilisha fedha kule huweka viwango tofauti kwa noti tofauti: ya 100 ina bei nzuri, ya 50 na ya 20 bei hupungua, ya dola 1 ni hasara tupu. Uwanjani, kaunta za benki za ghorofa ya wanaowasili zina viwango vibovu. Teremkeni hadi ghorofa ya chini kabisa, iliko treni ya mjini, mtakuta safu ya vibanda vidogo, kikiwemo cha SuperRich, vyenye viwango vinavyokaribiana na vya mjini. Pasi inadaiwa kila unapobadilisha.

Mashine za ATM hukata ada ya baht (fedha ya Thailand) 220 au zaidi kila ukitoa pesa kwa kadi ya nje, na ada hiyo haijali kama umetoa 1,000 au 20,000. Hapo ndipo uwili unapolipa: atoe mmoja, mara moja, kwa ajili ya wote. Kisha wekeni mfuko wa pamoja. Kila mmoja atie baht 3,000, mfuko ushikwe na yule asiyependa kutumia, na humo mlipe tiketi, boti, maji na chakula. Kurudishiana baht 16 za boti mara nane kwa siku ni kazi ya kipumbavu. Zawadi na nguo kila mtu ajilipie.

Vibanda vingi vitawaonesha karatasi yenye msimbo wa QR. Huo ni hasa wa wenye akaunti za benki za Thailand na za nchi chache za Asia. M-Pesa haiingii hapo. Tembeeni na noti za 20, 50 na 100, maana muuza matunda hatafurahia kuchenji 1,000 asubuhi.

Mtalala wapi

Huu ndio uamuzi mkubwa kuliko wote, na wengi hukosea kwa kufuata sifa za Khaosan Road, mtaa maarufu wa watalii. Khaosan haina treni. Kila safari ya kutoka pale ni teksi au boti, na jioni barabara hazisogei.

Tafuteni hoteli karibu na kituo chochote cha treni ya chini ya ardhi, MRT, laini ya bluu, kati ya Hua Lamphong na Sam Yot. Sababu ni moja: laini hiyo peke yake inawafikisha karibu kila mnapotaka. Kituo cha Sanam Chai kiko jirani na hekalu la Wat Pho na Kasri la Kifalme, Wat Mangkon kiko katikati ya mtaa wa Wachina, Si Lom kiko kwenye kona ya bustani ya Lumphini, Kamphaeng Phet kinatokea ndani ya soko la Chatuchak, na Phetchaburi kinaungana na treni ya uwanja wa ndege.

Wakati wa kulipia chumba, chagueni vitanda viwili na muiandikie hoteli kuwakumbusha. Maombi ya vitanda kwenye tovuti nyingi ni maombi tu. Mkichelewa kufika mtapewa kitanda kimoja kipana, na kaka na dada watagawana mto usiku kucha. Mapokezi watataka pasi zote mbili, na huenda wakaomba amana inayorudishwa siku ya kuondoka. Soketi za Thailand hupokea pini bapa mbili au za duara, kwa hiyo chaja zetu za pini tatu nene haziingii bila adapta. Bebeni extension moja ya nyumbani na adapta moja, simu zote zitachajiwa.

Kutoka uwanjani

Treni ya uwanja huanza chini ya jengo, hutembea takriban kuanzia saa 11:30 alfajiri hadi saa 6 usiku, na nauli ya mbali kabisa, hadi Phaya Thai, ni baht 45. Kwenda eneo tulilopendekeza, shukeni Makkasan, vukeni daraja la waenda kwa miguu hadi kituo cha MRT cha Phetchaburi, kisha pandeni laini ya bluu kuelekea Hua Lamphong. Kwa mabegi mepesi ni njia safi kabisa. Kwa masanduku makubwa, au mkifika usiku wa manane, chukueni teksi: shukeni ghorofa ya kwanza, mashine itawapa karatasi yenye namba ya njia, dereva yuko hapo. Mita huanza baht 35, kuna nyongeza ya baht 50 ya uwanjani, na ushuru wa barabara ya kulipia hutoa abiria. Hata ikifika 400, mkigawana wawili si mbaya. Dereva akitaja bei ya jumla badala ya kuwasha mita, shukeni kabla gari halijaondoka.

Kuhusu treni zenyewe: ile ya juu, BTS, na ile ya chini, MRT, ni kampuni mbili, na tiketi ya moja haifungui geti la nyingine. MRT hupokea kadi za benki za kugusa, lakini kadi moja hupitisha mtu mmoja. Huwezi kugusa mara mbili umpitishe na mdogo wako. Yeye aguse kadi yake au anunue kile kidude cheusi cha plastiki mashineni, akiguse akiingia na kukitumbukiza akitoka. Kadi uliyoingilia ndiyo utokee nayo, la sivyo geti litagoma na utadaiwa nauli ya juu.

Siku ya kwanza: mji wa kale

Muwe nje ya Kasri la Kifalme kabla ya saa 2:30 asubuhi, linapofunguliwa. Makundi ya mabasi huanza kumiminika saa 3 na kuendelea, na kufikia saa 5 ule uwanja wa mawe meupe unarusha joto usoni. Tiketi ni baht 500 kwa mgeni, na huacha kuuzwa saa 9:30 alasiri.

Ukitokea kituo cha Sanam Chai unafika upande wa kusini wa kasri, ilhali lango la wageni liko kaskazini, barabara ya Na Phra Lan. Kuta za kasri zina jumla ya mita 1,900, na ni katika matembezi hayo marefu ya ukutani ndipo mtakapokutana na bwana nadhifu, mwenye kitambulisho shingoni, atakayewaambia kwa upole kwamba leo kasri limefungwa kwa ibada na litafunguliwa alasiri, lakini kuna tuk-tuk ya serikali ya baht 20 itakayowazungusha mahekalu mengine bure bure. Kasri halijafungwa. Tuk-tuk hiyo itaishia kwenye duka la vito au la fundi suti, ambako dereva hulipwa kamisheni. Nyamazeni, tembeeni hadi langoni, mjionee kwa macho yenu. Njia ya kuwakwepa kabisa ni kupanda boti hadi gati la Tha Chang, lililo dakika chache tu kutoka lango hilo.

Kwa Mtanzania kuna kejeli kidogo katika ulaghai wa vito. Bangkok ni kweli jiji kubwa la biashara ya mawe ya rangi, na mawe ya Tunduru na Mahenge yamepita mikononi mwa wafanyabiashara wake kwa miaka mingi, hasa maeneo ya Silom. Mawe hupashwa moto yakolee rangi, hukatwa na kuuzwa upya. Usilinunue jiwe kwa mtu uliyeletwa kwake na dereva wa tuk-tuk. Ukilitaka, litafute karibu na linakochimbwa.

Mavazi langoni hukaguliwa kweli. Mabega na magoti yafunikwe, wanaume kwa wanawake. Kaptura hairuhusiwi, suruali iliyochanika magotini hairuhusiwi, na mtandio uliotupiwa juu ya mabega wazi hukataliwa. Dera linapita bila swali, buibui pia, hijabu haina tatizo. Aliyekosea hununua suruali ya tembo ng'ambo ya barabara, na huo ndio mwanzo wa watalii wote wa Bangkok kufanana.

Ndani, hekalu la Wat Phra Kaew ndilo roho ya mahali. Kasri lilianza kujengwa mwaka 1782, Mfalme Rama wa Kwanza alipouhamishia mji mkuu upande huu wa mto. Buddha wa Zumaridi aliyemo si wa zumaridi. Ni jiwe la kijani la jade, na kimo chake ni sentimita 66 hivi. Ameketi juu sana, na wengi humtafuta kwa macho kwa dakika nzima kabla ya kumwona. Ana mavazi matatu ya dhahabu, ya kiangazi, ya mvua na ya baridi, na mfalme mwenyewe huja kumbadilisha msimu ukigeuka. Mkiingia vueni viatu, ketini, na miguu ikunjwe nyuma: nyayo zisielekezwe kwenye sanamu. Picha haziruhusiwi ndani. Wageni wengi huishia hapo, na hilo ni kosa, kwa sababu kuta za ukumbi unaozunguka ua zimechorwa hadithi ya Ramakien, yaani Ramayana ya Kithai, katika sehemu 178, na pana kivuli. Tazameni nyani wa jeshi la Hanuman, shujaa-nyani wa hadithi hiyo, wakijenga njia baharini. Mmoja wenu atataka kukaa hapo, mwacheni akae.

Saa 5 tembeeni kusini hadi Wat Pho, baht 300. Buddha aliyelala ana urefu wa mita 46 na kimo cha mita 15, naye amejazana ndani ya nyumba yake kiasi kwamba hakuna pembe ya kumpiga picha mzima. Nendeni miguuni. Nyayo zake zimepambwa kwa magamba ya chaza yanayong'aa, alama 108 za heri, zilizopangwa kwa miraba. Upande wa mgongoni kuna vibakuli vya shaba 108 vimepangwa mstari ukutani. Unanunua bakuli la senti kwa baht 20 na kudondosha moja moja. Mlio wake ndio unaosikia tangu mlangoni.

Mchana umewadia, na hapohapo Wat Pho kuna shule ya uchuaji wa Kithai iliyoanzishwa mwaka 1955. Saa nzima ya kuchuliwa chini ya feni au kiyoyozi, ukiwa umevaa nguo zao nyepesi, ndiyo tiba ya saa mbaya za siku. Uchuaji huu si wa kubembeleza: kiwiko hutumika, goti hutumika. Mwenye mgongo mbovu au mimba aseme kabla. Andikisheni majina mkiingia hekaluni, si mkimaliza kuzunguka, kwa sababu mchana foleni huwa ndefu.

Saa 10 alasiri vukeni mto. Kivuko cha gati la Tha Tien kwenda hekalu la Wat Arun ni baht 5 na dakika chache. Kiingilio ni baht 200, mwisho saa 12 jioni. Mnara wake umevikwa vipande vya kauri za Kichina, vikombe na sahani zilizovunjika na kupangwa kuwa maua, na uzuri wake uko karibu, umbali wa mkono. Ngazi za kupanda mtaro ni za wima; kushuka ndiko kunakotisha. Kisha rudini ng'ambo. Jua hutua nyuma ya Wat Arun, kwa hiyo picha ya machweo hupigwa kutoka upande wa Tha Tien, na waliobaki hekaluni huikosa.

Viingilio vya siku hiyo ni baht 1,000 kwa mtu, 2,000 kwenu wawili. Hiyo ndiyo siku ghali. Zinazofuata ni nafuu.

Boti

Kwenye mto Chao Phraya hupita boti za namna nyingi, na wakala wa gatini atawasukumia ile ghali. Mnayoitaka ni ya bendera ya chungwa, baht 16 popote mshukapo, inayotumiwa na wenyeji kwenda kazini. Ya bluu ni ya watalii, ina nafasi na maelezo ya Kiingereza, na bei yake ni maradufu au zaidi. Gati kuu ni Sathorn, chini ya kituo cha BTS cha Saphan Taksin. Boti haingoji. Kijana wa nyuma hupuliza filimbi kumwelekeza nahodha, boti inagusa gati, watu wanaruka, filimbi tena, imekwenda. Simameni karibu na mkia wa boti gati moja kabla ya lenu. Kuna sehemu iliyotengwa kwa watawa. Msisimame hapo, na mwanamke asimguse mtawa wala kumpa kitu mkono kwa mkono. Jioni ikishaingia boti za chungwa hukoma, rudini kwa treni.

Boti ya pili ni ya mfereji wa Saen Saep, na hii wageni wengi hawaijui. Huanzia gati la Panfa Leelard, chini ya kilima cha Wat Saket, na kukatiza mji hadi Pratunam, ambako unabadilisha boti kama unaendelea mashariki. Nauli ni ya chenji tu, na kondakta huikusanya akitembea ukingoni mwa boti kwa nje, kofia ngumu kichwani, ameshika kamba. Maji ni machafu, ndiyo maana pembeni kuna turubai la plastiki lenye kamba. Aliyekaa kando ndiye anayevuta kamba boti nyingine ikipita. Mkikaa kando, kazi ni yenu. Mkizubaa, safu nzima inalowa na kuwatazama.

Siku ya pili: kila mtu na lake

Anzeni kwa kupanda Wat Saket, Mlima wa Dhahabu, unaofunguliwa saa 1 asubuhi. Ngazi ni 344, za mzunguko na za upole, na juu mnaona mji wa kale wote. Kisha shukeni gati la Panfa.

Sasa gawanyikeni. Ndugu wanaoganda pamoja siku tatu mfululizo hugombana siku ya pili mchana, karibu bila kukosa. Mfereji huu umefanywa kwa ajili hiyo: mpenda historia ashuke Saphan Hua Chang, mpenda nguo aendelee gati moja zaidi, Pratunam.

Saphan Hua Chang iko nyumba ya Jim Thompson, Mmarekani aliyeivumisha hariri ya Thailand duniani kisha akapotea milimani Malaysia mwaka 1967 asionekane tena. Ni nyumba sita za kale za mbao za mtiki zilizounganishwa kuwa moja, na ndani unaongozwa kwa makundi. Ng'ambo ya mfereji ni Ban Krua, mtaa wa Waislamu wa asili ya Kicham, ambao ndio waliomfumia hariri hiyo. Vichochoro vyake ni vyembamba, watu wake wapole, na chakula cha mchana cha halali hupatikana humo.

Pratunam ni jina wanalolijua wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh bila kuangalia ramani. Platinum Fashion Mall ndiyo yenye kiyoyozi, na utaratibu wake ni wa jumla: bei ya chini huanza ukichukua vipande vitatu au zaidi kwa duka moja, na kwa kawaida unaruhusiwa kuchanganya rangi. Kujaribisha nguo hairuhusiwi kwa wengi wao, na saizi zao ni ndogo. Bebeni futi ya fundi cherehani na vipimo vya kifua na nyonga vya wale mnaowanunulia. Mkiona duka zuri pigeni picha namba yake. Korido zote zinafanana na hamtalipata tena.

Kukutana tena, msiambiane "tuonane Siam" au "tuonane MBK". Ni majengo makubwa mno. Vituo vyote vya treni vina milango ya kutokea yenye namba. Semeni jina la kituo na namba ya mlango, na saa, hata kama simu zote zina bando. Betri huisha.

Jioni nendeni Yaowarat, mtaa wa Wachina, kituo cha Wat Mangkon. Wachuuzi hujipanga kuanzia saa 12 jioni. Jumatatu wengi hupumzika, basi msiipange siku hiyo. Hapa mla halali awe macho. Vile vijiti vya nyama vinavyochomwa kila kona na kunukia mishikaki ya Forodhani mara nyingi ni nguruwe, na mchuzi wa tambi mara nyingi una mifupa yake. Nguruwe huitwa mu, kuku kai. Kwa uhakika tafuteni alama ya kijani ya halali mlangoni, au nendeni vichochoro vya karibu na msikiti wa Haroon, Charoen Krung Soi 36, au Sukhumvit Soi 3, ambako wagonjwa na jamaa zao kutoka Omani na Ghuba hushukia na mikahawa ya Kiarabu iko mlango kwa mlango. Saladi ya papai bichi huwekwa uduvi na sosi ya samaki. Mwenye mzio aulize. Ukiambiwa si kali, mwonjeshe kwanza mwenzako. Wali wa kunata wenye tui na embe bivu haumgombanishi mtu.

Doriani na shokishoki, ambazo wa Unguja wanazijua, ziko tele. Doriani ileni hapohapo kibandani, maana hoteli na treni zimeipiga marufuku kwa sababu ya harufu.

Siku ya tatu

Ikiwa ni Jumamosi au Jumapili, Chatuchak, mapema, kwa mlango wa pili wa kituo cha Kamphaeng Phet. Soko limegawanywa sehemu 27. Mnara wa saa ulio katikati ndio pa kukutania. Siku nyingine za juma, Wat Traimit karibu na Hua Lamphong ina Buddha wa dhahabu wa tani 5.5, aliyefichwa ndani ya plasta hata watu wakasahau, mpaka plasta ilipopasuka akihamishwa mwaka 1955. Alasiri jua likipoa, ingieni Lumphini, bure, mkawatazame kenge wakubwa wakiogelea bwawani kati ya watu wanaokimbia mazoezi. Saa 12 jioni kamili wimbo wa taifa hupigwa na kila mtu husimama, simameni nanyi. Na kwa kuwa tumefika hapo: utani juu ya ufalme uacheni chumbani. Sheria yao hufunga hadi miaka 15 kwa kosa moja. Ayutthaya, mji mkuu wa zamani, ni mzuri, lakini kwenda na kurudi humeza siku. Uachieni safari nyingine.

Kwa safari fupi za mitaani, kumbukeni kuwa mambo yamegeuka: nyumbani bajaji ni nafuu kuliko teksi, Bangkok tuk-tuk ni ghali kuliko teksi ya mita. Pandeni mara moja kwa raha zenu, bei ikiwa imekubaliwa kabla. Bolt ileile ya Nairobi na Dar inafanya kazi kule, na bodaboda wao huvaa vizibao vya chungwa vyenye namba.

Novemba hadi Februari ndiyo miezi yenye nafuu ya joto, ingawa Januari na Februari hewa huchafuka. Aprili ni tanuri. Kuanzia Mei hadi Oktoba mvua hunyesha alasiri, kubwa na ya ghafla; hamtazuiwa na mvua yenyewe bali na barabara zilizojaa maji baada yake, basi siku ya kuondoka msitegemee teksi.

Na tarehe ya kuondoka isomeni mara mbili. Ndege nyingi za kurudi Afrika huruka baada ya usiku wa manane. Tiketi ikisema 00:30 tarehe 12, kwetu hiyo ni saa 6:30 ya usiku ambao mtu angeuita bado wa tarehe 11, na mko uwanjani saa 3:30 usiku tarehe 11. Wapo wanaofika tarehe 12 jioni, na tiketi zote mbili, kwa kuwa zilikatwa pamoja, zimekufa pamoja. Aliyenunua kwenye maduka makubwa kwa baht 2,000 au zaidi kwa duka moja siku moja anaweza kudai VAT, ila fomu yaweza kutakiwa igongwe na forodha kabla ya kukabidhi mizigo, na bidhaa waweza kutakiwa uzioneshe. Ziwekeni juu ndani ya sanduku.